Macho ya Ndama

Basotu
6 Februari 2024

Kwa mkwe wangu Natalia, huko Daudi kwa baba yako Nikolausi.

Salamu. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima. Mama yako mkwe Fabiola analalamika magoti, lakini analalamika kwa nguvu, kwa hiyo naye ni mzima.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Wengine hapa wakitaka barua wanaenda kumbembeleza mwalimu. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima kwenye ghala la ngano, tulikuwa wengi, na wengi waliishia kwenye picha ya jembe. Mimi nilimaliza kitabu. Mwandiko wangu ukikupa shida, shida ni ya macho yako.

Mumeo Marko ananiambia, baba, mpigie simu. Simu gani? Kwetu Wabarbaigi mke wa mwana hasemi ovyo na baba wa mumewe, wala jina lake halitaji. Wewe ni mtoto wa Kiiraqw lakini uliyashika hayo kuliko hata mabinti zetu, nimekusifu hadharani. Simu ni mdomo. Karatasi haina mdomo. Njia hii nimeigundua mimi.

Sasa neno lenyewe. Uliomba ruhusa kwenda kumsalimia mama yako, nikatoa. Mwezi ule umekufa na mwingine umeshazeeka. Ndama wangu yuko wapi? Najua huko mnamwita Glory. Glory ni jina la duka. Mimi nimemwita Ndama, na mbele ya wazee nilisema sababu: nimefuga tangu sijaota ndevu, sijaona binadamu mwenye macho yale. Makubwa, yamejaa, yana bluu kwa mbali kama ziwa letu asubuhi, na daima yana maji. Nikasema mtoto huyu ni wa ng'ombe, nikampa mtamba mwekundu papo hapo. Mzee Alfredi alinuna. Wajukuu zake wote wana macho ya kuku.

Watu wanatoka mpaka Dirma kuja kumwona. Nawaambia subirini. Mvua zikikatika tutamkata yule mtamba sikio kwa alama ya mtoto, na mtoto lazima awepo, mkono wake ushike lile sikio. Sitasimama mbele ya watu na mtamba peke yake kama mchuuzi.

Na ile ya kuficha uso akiona jua, usihangaike. Ni haya. Msichana mwenye haya ni mali.

Barua inakuja na Verediana, huyu mama anayenunua samaki hapa ziwani kupeleka soko la Mbulu. Ikinuka perege, mlaumu yeye.

Mrudishe.

Ni mimi, Gidahuda.


Daudi
17 Februari 2024

Kwa Baba. Jina silitaji, kwa heshima.

Shikamoo Baba. Shikamoo na kwa Mama, na pole yake ya magoti.

Barua yako nimeipokea. Baba yangu Nikolausi aliinusa kabla sijaifungua, akasema, "Mzee wa Basotu amekutumia kitoweo." Anakusalimu. Anasema huku vitunguu saumu vimekubali mwaka huu, nawe ukiuza ng'ombe mmoja ukanunua jembe hutakufa.

Baba, nisamehe kwa kuchelewa. Glory ana kikohozi, na barabara ya kushukia huko imeharibiwa na mvua. Akipona tutakuja.

Nina swali moja, Baba. Hapa nyumbani kuna ndama wa jirani wanayemtilia shaka macho. Wengine wanasema anaona, wengine wanasema haoni. Wewe unampimaje ndama kama anaona? Nimewaambia hakuna anayejua kama wewe.

Anayekuheshimu,
Natalia, mama wa Glory.


Basotu
25 Februari 2024

Natalia mkwe wangu.

Umeuliza mahali pa kuulizia. Mwambie baba yako Nikolausi aache kitunguu chini asikilize, maana ninyi Wairaqw wa Mbulu ng'ombe mnamfunga kwenye kamba kama mbuzi halafu mnashangaa hamumjui.

Ndama unayemshuku usimwite, maana atakufuata kwa sikio. Nyamaza kabisa. Mwangalie akitembea. Asiyeona ananyanyua miguu juu kama anavuka maji. Halafu mfunike jicho moja kwa kiganja. Shika kitu kisichonuka wala kulia, kipitishe polepole mbele ya lile lililobaki wazi. Anayeona, jicho linakwenda na kitu. Asiyeona anabaki kama amechongwa. Geuza, fanya na la pili, kwa sababu yuko anayeona upande mmoja, na huyo ndiye anayewapiga watu chenga mnadani.

Na la mwisho, hili halijui kila mtu. Uzuri usikudanganye. Ndama kipofu mara nyingi ndiye mwenye macho makubwa mazuri yenye bluu. Mjinga anamnunua kwa sababu hiyo hiyo. Katesh mnadani wamejaribu kuniuzia wa namna hiyo mara nyingi. Sijawahi kuingia mkenge.

Mwambie huyo jirani elimu hii ni ya bure, lakini aseme imetoka kwa nani.

Kikohozi mpe maziwa yenye mafuta ya ng'ombe. Halafu mrudishe.

Gidahuda, ambaye hajawahi kudanganywa na jicho.


Moshi, hospitalini
9 Aprili 2024

Shikamoo Baba.

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti, ingawa karatasi haionyeshi.

Hakukuwa na kikohozi. Hakukuwa na ndama wa jirani. Uliponiandikia namna ya kupima, nilifunga mlango wa chumba cha mama yangu nikampima Glory kwa kijiko, kama ulivyosema, bila sauti. Yote mawili yalifuata, Baba, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayetafuta njia ndani ya moshi. Nikarudia kusoma ile sehemu yako ya mwisho, ya uzuri. Zahanati walikuwa wameshanitajia ugonjwa, mimi nikawa sitaki kuamini kwa sababu yako na yale uliyosema mbele ya wazee. Baada ya barua yako niliamini. Tukaanza safari.

Ni presha ya macho, amezaliwa nayo. Daktari ni mama mmoja mpole, alinichorea. Jicho linatengeneza maji yake wakati wote kama chemchemi, na pembeni lina kimlango cha kuyatolea. Kwa Glory kimlango hakikufunguka tangu tumboni. Maji yanaingia, hayatoki. Jicho la mtoto mchanga ni laini, likijaa linatanuka. Ndiyo ule ukubwa. Ile bluu ni kioo cha jicho kilicholowa maji. Kuficha uso juani si haya, ni maumivu.

Wamefanya la kulia. Usifikirie panga, Baba, hata mimi nilifikiria hivyo nikalia mpaka nikatapika. Walimlaza usingizi. Wakatoboa tundu pembeni ya kioo cha jicho, dogo kuliko la sindano ya kutungia shanga, wakapitisha kisu chembamba kama unywele, kile kimlango kikafunguliwa kutoka ndani. Hata uzi wa kushona hawakutumia. Alipoamka alitaka kunyonya. Na juzi, walipomwondolea kile kifuniko, alinitazama. Baba, alikuwa hajawahi kunitazama mimi. Alikuwa anatazama mahali sauti yangu inapotoka.

La kushoto linasubiri hili la kwanza litulie, na sisi tutasubiri Daudi. Wametupa tarehe mwezi wa tano, na daktari amesema tusiipitishe, maana maji yale yanabana mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani, na mshipa huo ukifa haufufuki. Marko anasema hawezi kutuleta bila neno lako.

Naomba neno lako, Baba.

Natalia.


Basotu
20 Aprili 2024

Natalia.

Kikohozi! Uliniandikia kikohozi kwa mwandiko mzuri kabisa, na mimi mtu mzima nikakaa hapa namwambia Fabiola achemshe mafuta.

Umenipima kwa elimu yangu mwenyewe. Umechukua maneno ya ng'ombe ukamwekea mtoto. Nani kakwambia mtoto ni ng'ombe?

Usinijibu.

Sasa sikia kilichotokea huku. Verediana ana mdomo mkubwa kuliko ndoo yake ya samaki. Kabla barua haijanifikia mkononi, Alfredi alikuwa ameshasikia. Amenikuta kwenye birika la kunyweshea, watu wamejaa, akauliza kwa sauti ya upole, unajua ile sauti yake ya upole, "Mzee mwenzangu, kumbe mtamba ulitoa zawadi kwa ugonjwa?" Watu waliangalia maji. Hata ng'ombe wangu waliacha kunywa. Tangu nimezaliwa sijakosa jibu. Siku hiyo nilijifanya namtafuta ndama.

Mimi nilisema macho yale ni baraka. Nimesema mbele ya wazee, tena pombe ya asali ikiwa imenywewa, na neno la hapo halirudi kinywani. Daktari wako hakuwepo. Kama yalikuwa maji, mbona mtoto ananenepa? Mbona anacheka nikimwimbia? Mmetoboa jicho zima, na hilo la pili hamtoboi.

Marko anakuja huko Daudi na pikipiki kuwachukua wewe na mtoto. Utakaa hapa mpaka mtamba akatwe sikio. Watu wataona mtoto, wataona jicho lisiloguswa, na Alfredi atafunga kinywa.

Baba yako Nikolausi asiseme neno. Akisema, mahari na iongelewe upya.

Gidahuda.


Basotu, nyumba ya jikoni
3 Juni 2024

Shikamoo Baba.

Niko nyumba ya pili, nasikia unavyokohoa. Lakini njia ni hii uliyoigundua, kwa hiyo naandika, na Mama ataivusha uani.

Tarehe ya hospitali imepita. Nimeihesabia kila siku inayokwenda, sikusema, kwa sababu Marko aliniambia nikisema utakaza zaidi. Sasa nasema.

Jicho la kushoto limezidi kujaa. Limekuwa la bluu kabisa. Wageni wako wanakuja wanalisifu, wananiambia hongera, na mimi nasema asante. Kila nikisema asante najiona mchawi wa mtoto wangu. Mchana namfunika kanga kichwani, analia akigeukia ukutani.

Sikuombi ukubali kwamba ulikosea. Waambie watu tunaenda kusalimia. Waambie kikohozi.

Natalia.

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa mkono mwingine:)

Nimesoma. Baada ya sikio.
G.


Basotu
14 Juni 2024

Natalia.

Fabiola akikupa hii, anza kufunga mizigo huku unasoma. Marko nimeshamwambia. Mtaondoka kesho alfajiri, mtapandia basi Katesh.

Wewe ulikuwa ndani na wanawake, sheria yetu hairuhusu ukae pale zizini, kwa hiyo hukuona. Utasikia kwa watu. Bora usikie kwangu, ijapokuwa mkono huu unakataa.

Mtamba ameshikwa. Mtoto nimempakata mimi. Wazee wote wapo. Nikasema maneno yangu, na nilisema vizuri, sijisifu, hata waliokuwa wanasinzia waliamka. Nikasema: mmesikia maneno kwamba mjukuu wangu ni mgonjwa. Leo tazameni. Jicho hili la kulia wamelitoboa Moshi, limekuwa jeusi tu kama la mtu yeyote. Hili la kushoto halijaguswa, oneni lilivyo. Nikasema, Alfredi, sogea hapa, nikuonyeshe kwa kipimo kinachojulikana wilaya nzima lipi zima na lipi bovu.

Ni mimi niliyesema hivyo. Hakuna aliyeniomba.

Nikafunika jicho la kulia kwa kiganja. Nikachukua kile kibuyu changu kidogo cha shanga nyekundu, nikakipitisha polepole mbele ya jicho langu zuri.   Nikakipitisha tena. Natalia, alibaki kama amechongwa.

Nikasema moyoni mtoto ana usingizi. Nikakisogeza karibu mpaka shanga zikakaribia kope. Hakupepesa.

Halafu kiganja kikanitoka chenyewe, kikafunika la kushoto. Hata kibuyu sikukinyanyua vizuri. Mtoto akakiona, akacheka, akakishika. Akakiachia, akaniona mimi, akanishika ndevu akavuta.

Watu wote wale wanajua kipimo kile. Nimewafundisha mimi.

Alfredi hakucheka. Laiti angecheka, ningempiga fimbo, ingekuwa shughuli ya kawaida. Aliangalia chini. Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema kidogo kidogo, "Tumkate sikio mtamba, mzee mwenzangu, mtoto anapigwa na jua." Yeye ndiye aliyemfunika kwa shuka lake.

Mtamba tulimkata. Mkono wa mtoto ulishika sikio. Asali sikunywa.

Nilikuwa na macho yangu mawili, mazima, ya miaka yote hiyo. Nenda. Usije kuniaga, na mimi sitatoka nje.

Gidahuda.


Moshi
28 Juni 2024

Shikamoo Baba.

Tulifika salama, na Marko hakuondoka mlangoni mpaka wakamaliza. La kushoto limefanyiwa kama lile la kwanza. Maji sasa yanatoka, maumivu yamekwisha. Jana amecheza dirishani bila kujificha, nikamwacha tu acheze.

Daktari ameangalia nyuma ya jicho kwa taa. La kulia mshipa wake uko vizuri, ataona, atavaa miwani akikua kidogo na tutakuwa tunarudi kupimwa. La kushoto mshipa umefifia. Litajua mwanga na giza, na kivuli cha mtu akipita. Zaidi ya hapo tusitegemee.

Yeye mwenyewe hajui kama amekosa kitu. Anacheka. Mnene.

Mama alisema huli vizuri. Kula, Baba.

Natalia.


Basotu
8 Julai 2024

Natalia.

Barua nimeisoma mwenyewe, halafu nikamwambia Marko anisomee, labda nimesahau kusoma. Yeye naye alisoma hivyo hivyo.

Nataka neno moja tu, na usinipambie. Kama mngekwenda mwezi wa tano, siku ile waliyosema, la kushoto lingeona?

Sema ndiyo au hapana.

Gidahuda.


Daudi
19 Julai 2024

Shikamoo Baba.

Tumerudi Daudi, kwa kuwa kutoka hapa ni rahisi kuwahi kliniki. Baba yangu ametupa chumba kisicho na jua kali. Glory ameanza kusimama akishika benchi.

Kuhusu swali lako, daktari hakusema kitu. Macho ya watoto wa namna hii hayatabiriki. Usijitese.

Mama yangu mzazi anakutumia vitunguu saumu, Verediana anavyo.

Natalia.


Basotu
30 Julai 2024

Natalia mkwe wangu.

Vitunguu nimevipata. Mwambie mama yako asante, na mwambie baba yako ni vikubwa, nimekubali.

Umeandika "daktari hakusema kitu" kwa mwandiko mzuri kabisa. Nimeutambua. Ndio ule wa kikohozi.

Lakini hukuwa na haja ya kunificha, na mimi sikuwa na haja ya kukuuliza. Ile barua yako ya kwanza ya Moshi ninayo kwenye pembe ya ng'ombe ninapowekea ugoro. Umesema ulipompima kwa kijiko yote mawili yalifuata. Mwezi wa tatu lilikuwa linafuata. Mwezi wa sita, mkononi mwangu, halikufuata. Mfugaji hahitaji daktari kwa hesabu hiyo. Ndama akiingia zizini mzima akatoka kilema, unauliza nani alikuwa analinda.

Sipiti tena birika la watu wengi. Nanywesha jioni wakishaondoka. Fabiola ananiambia, wewe mzee, ng'ombe wanakufa kiu kwa ajili ya aibu yako, wao wamekosa nini? Nachukua fimbo yangu natoka. 

Watu hawanisemi. Hilo ndilo baya. Alfredi ananisalimia vizuri kuliko zamani, kama mtu aliyefiwa.

Nitakuja Daudi kumwona mtoto. Sitalala. Usipike.

Gidahuda.


Daudi
2 Septemba 2024

Shikamoo Baba.

Natumaini ulifika salama. Ulikataa chai, ulikataa kulala, baba yangu amesema hajawahi kuona Mbarbaigi mgeni asiyejisifu hata kidogo, akadhani unaumwa. Alikuwa ameandaa matusi ya utani ya kutosha siku nzima. Yamemwozea.

Baba, nimefikiria kama niandike hili au ninyamaze. Mke wa mwana hamfundishi baba wa mumewe mahali pa kukaa. Lakini karatasi haina mdomo.

Ulipoingia ulimzunguka mtoto ukaenda kukaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto. Nikadhani ni bahati mbaya. Nikamgeuza mtoto, ukainuka na kigoda chako, ukaenda tena kushoto. Nikamgeuza mara nyingine, ukainuka tena. Ndipo nikaelewa. Ulikuwa unakaa mahali asipokuona.

Alikusikia, Baba. Ulikohoa, akakujua. Aligeuza kichwa huku na huku kukutafuta, na wewe ukawa unarudi nyuma. Ulipoondoka alitambaa mpaka kwenye kigoda akakipapasa.

Umeniuliza ndiyo au hapana, nikakupamba. Jibu ni ndiyo. Lingeona, siyo lote, lakini lingeona. Nililia nikakuchukia wiki nzima pale Moshi, na sitasema sikukuchukia. Lakini ujue na hili: jicho la kulia lisingeona kama usingejisifu mwezi wa pili jinsi unavyopima ndama. Nilikuwa nangoja nguvu za kumwamini mtu, nikamwamini mjuzi wa ng'ombe. Yote mawili ni yako. Huwezi kuchukua la kushoto peke yake ukaondoka nalo.

Anaona kwa jicho moja, Baba. Usimnyime cha kuona.

Hamia kulia.

Natalia.


Basotu
9 Septemba 2024

Natalia.

Nimeisoma peke yangu. Marko sikumpa.

Nilikaa kushoto, kweli. Ulidhani nimejificha, na nimejificha. Nilisema akikua ataambiwa, na akiambiwa asiwe anaukumbuka uso huu. Ndiyo hesabu niliyopiga kwenye lile gari la samaki, njia nzima mpaka Daudi. Sikujua anapapasa.

Mtamba mwekundu ana mimba. Nilikuwa nimesema kinywani mwangu kwamba alitolewa kwa ajili ya macho. Jana nimekwenda birikani mchana, watu wamejaa, nikasema kwa sauti: mtamba huyu hakutolewa kwa macho, ametolewa kwa mtoto.  Alfredi akasema, "Tumesikia." Basi. Tukanywesha.

Jina la Ndama nimeliacha. Nimefanya mazoezi ya lile la kwenu. Linatoka Gilori. Fabiola anacheka mpaka anasahau magoti. Mtoto ndiye atakayenirekebisha, akishaanza kusema.

Nitakuja Alhamisi na Verediana. Safari hii pika. Mwambie Nikolausi matusi yaliyobaki ayaweke, nina yangu.

Kile kigoda usikiguse wala kumgeuza mtoto. Nitakihamisha mwenyewe.

Babu yake Gilori.